Kuku Ndani ya Kodiani

Marafiki zangu wa Kitui, mmeniuliza mmoja mmoja. Wengine sokoni, wengine kwa simu, na mmoja wenu aliniuliza nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Ilikuwaje uage kwenda siku tatu urudi baada ya wiki tatu? Na mbona watu wa Kalamba wanakuita Mama Maombi? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, na akitokea wa kuniuliza tena nitampa karatasi hizi niendelee na chai yangu.

Zitafika kwa wasionijua, kwa hivyo nijieleze. Mimi ni Mbithe, mwalimu mstaafu. Nilifundisha muziki na kutunza maktaba ya shule. Na mimi ni Mbudha, mwaka huu ni wa kumi na moja. Sikwenda India wala sikunyoa kichwa. Kililetwa shuleni kisanduku cha vitabu vya msaada, na kimoja hakikutakwa na mwanafunzi yeyote kwa sababu hakikuwa na picha. Nikakisoma jikoni wakati wa likizo, nikakirudia, nikaanza kuketi kimya kila alfajiri nikifuata pumzi yangu ikiingia na kutoka. Ni hayo tu. Bado nalima mbaazi na bado nagombana na majirani juu ya mpaka. Nyama ndiyo niliyoacha, na hiyo nyama ndiyo iliyoniletea maneno yote mtakayosoma.

Jumatatu dada yangu Ndunge alipiga simu kutoka Mtito Andei, ambako ana hoteli ya kulisha madereva wa malori. Ndunge hapigi simu kusalimia. Aliniambia ana uvimbe tumboni, daktari amesema utolewe Alhamisi asubuhi, na kama ni ile kitu mbaya au si ile kitu mbaya watajua wakishafungua.

"Lakini mimi siingii huko," akasema, "mpaka nisikie kodiani ya baba."

"Ndunge, kodiani iko Kalamba, kwa baba mdogo. Mimi niko Kitui. Wewe uko Mtito."

"Si ndio nimekuambia leo, sio Jumatano?"

Akakata.

Baba yetu alikuwa mpigaji kodiani katika ngoma za Makueni nzima. Alfajiri akirudi nyumbani, alikuwa anaanza kupiga wimbo mmoja akiwa bado kwenye njia ya mtoni, ili mama akifika mlangoni awe ameshaanza kucheka na asikumbuke kukasirika. Mimi na Ndunge tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Tukisikia wimbo huo tunajua baba amefika mzima, tunajigeuza, tunalala tena.

Na Ndunge akisema haingii, haingii. Aliwahi kukaa na jino bovu mwaka mzima kwa sababu daktari hakumwamkia.

Sasa niwaambie ukweli wangu. Kwa miaka kumi na moja nimesoma kwamba kila kilichokutana kitaachana, na mwili huu ni wa kuazima. Nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Simu ilipokatika niliketi juu ya gunia la mbaazi nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Mistari yote myekundu ilinitoka kichwani.

Kitui hadi Kalamba

Jumanne nilidamkia basi na mkoba, leso mbili, na kile kitabu changu nilichokivalisha karatasi ya kalenda kama tunavyovalisha vitabu vya shule. Kumbukeni hiyo karatasi, kwa sababu kitabu kikivalishwa kalenda katika nchi yetu kila mtu anajua ni Biblia.

Pale Wamunyu akapanda mchongaji mmoja na twiga watano wa mti, akaketi kando yangu, shingo za twiga zikaketi na sisi. Hatukufika mbali kabla hajaniita mama kwa Kikamba na kuniuliza swali.

"Mwaitu, unasali wapi?"

"Mimi ni Mbudha."

Akafikiri. "Si ni wale wa kukaa chini siku nzima bila kusema kitu?"

"Karibu hivyo."

"Wanachukua wanawake?"

"Wanachukua."

"Bibi yangu angefaa huko," akasema, akatazama nje mpaka mji wa Wote.

Kutoka Wote nilipata pikipiki hadi Kalamba, nikafika saa nane mchana, vumbi hadi kwenye kope. Baba mdogo Kioko ndiye ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki. Ana miaka themanini na kitu, ni mzee wa kanisa, na masikio yake yanasikia analotaka. Mkewe, mama mdogo Syokau, alinikumbatia, akanitazama, akaniambia nimekonda, akamwita jirani amshike kuku mwekundu.

"Mama mdogo, mwacheni kuku. Mimi sili nyama."

"Leo?"

"Siku zote."

Wakatazamana. Mgeni ametoka Kitui, dada yake yuko karibu na kisu cha daktari, ana kitabu cha kalenda mkononi, na anakataa kuku. Hapo hesabu yao ikakamilika.

"Amefunga," mama mdogo akamnong'oneza jirani.

"Sijafunga! Niliacha tu, miaka mingi."

"Mm," akasema jirani kwa heshima kubwa. "Walio wa kweli hawasemi."

Jamani, ningefanya nini? Nikisema ndiyo nimesema uongo, na uongo nimeapa kuuacha. Nikisema hapana, hiyo hapana ndiyo ushahidi. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kikamba, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniamkia.

Kodiani ilikuwa ghalani, ndani ya sanduku lake lisilo na kifuniko, nyuma ya magunia ya mahindi. Na juu ya kodiani, amejaza sanduku zima, alikuwa ameketi kuku wa madoadoa aliyetutazama kwa jicho moja.

"Ana mayai kumi na moja," mama mdogo akasema. "Amebakiza siku nne."

"Mimi sina siku nne."

"Kisu kiko hapa," akasema baba mdogo. "Wewe unapata kodiani, sisi tunapata mchuzi."

Nikaruka, marafiki, nikasimama mbele ya lile sanduku na mikono wazi. Mtu wa miaka sitini na moja analinda kuku! Baba mdogo akashusha kisu taratibu, akamwambia mkewe kwamba kufunga huku kwangu ni kwa nguvu sana, hata kumwaga damu siwezi kuona.

Mama mdogo ndiye aliyeniokoa. Alisema kuku akihamishwa mchana anasusa mayai, lakini giza likianza kuingia hajui umemtoa wapi umempeleka wapi, anaendelea. Basi tungoje jioni. Nikaketi kwenye gunia kungoja jua na kuku. Yeye alikuwa na siku kumi na saba za kuketi kimya bila kitabu wala mwalimu. Mimi kwa miaka kumi na moja sijawahi kumaliza nusu saa bila kuwaza chai. Nilimwonea wivu, nakiri.

Jua lilipozama, mama mdogo alimfunika kuku kwa leso, akampakata, nami nikabeba mayai moja moja mpaka kwenye karai lenye maganda ya mahindi. Kuku akamdonoa baba mdogo kidole, akajitikisa, akaketi. Wote tukapumua.

Kodiani ndiyo ilikuwa maiti. Mikunjo yake ya kuvuta hewa ilikuwa na matundu, na kwa mavi ya kuku sitawachosha. Baba mdogo alileta tyubu ya baiskeli, mkasi na gundi. Akakata viraka, akabandika kimoja kimoja kwa saa nzima. Tulipoivuta, vitufe vyote vilikuwa bubu isipokuwa kimoja kilichokwama chini, kwa hivyo ukiivuta au ukiifunga inalia sauti ileile moja, ndefu, nzito. Fooo. Hukuweza kuizuia.

"Nilipookoka waliniambia niichome," akasema, haniangalii. "Ni kitu cha ngoma za dunia. Niliwasha moto, Mbithe. Nikaiweka chini. Halafu nikachoma kiti cha zamani, nikawaambia tayari."

Akajifuta macho kwa mkono wenye gundi, ukope ukashika, ikabidi tumwoshe kwa maji ya moto.

Kalamba hadi Kiboko

Jumatano alfajiri niliketi nje karibu na ghala kama kawaida yangu, miguu nimekunja, macho nimefumba. Nilipofumbua, palikuwa na wanawake tisa mbele yangu, wamefunga vilemba, wametulia. Mama mdogo alikuwa ameniona saa kumi na moja akitoka kukama, na simu ziko.

"Mtumishi," mmoja akaanza.

"Mimi si mtumishi. Mimi huketi tu, naangalia pumzi."

"Basi keti tena," akasema, "nasi tuketi."

Wakaketi. Nami nikaketi. Wanawake wa Kalamba ambao wana ng'ombe wa kukama na watoto wa kuvalisha waliketi na mimi robo saa bila neno. Halafu mmoja akasema amina, wakanishukuru kwa maombi makali, wakaniita Mama Maombi, wakaenda zao. Sijawahi kupata kikundi kizuri hivyo Kitui, nanyi mnaojua mlivyolala sebuleni kwangu nilipowafundisha kuketi msibishe.

Palikuwa na pikapu iliyoleta mbegu za mtama kwa wakulima, inarudi Kiboko. Dereva wake, Kimeu, alikubali kunibeba na kodiani yangu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Niliondoka sijala, kwa sababu mama mdogo alikuwa amepika muthokoi akanifichia, asinitie majaribuni. Niliisikia harufu ya yale mahindi na maharagwe mpaka tulipokata kona.

Kimeu aliendesha hadi Emali. Halafu akasema, "Bibi yangu ameambiwa na dada yake wa Kalamba. Tutapita nyumbani kidogo tu, Mtumishi. Dakika tano."

Mnajua dakika tano zetu. Nyumbani kwa Kimeu pale Kiboko kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, watu ishirini hivi, na meza iliyojaa: chapati, maharagwe ya nazi, ndengu, kuku, mchele. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu chapati moja ya Wote siku ya kwanza. Niliiendea ile meza bila kusalimia mtu.

"Nitachukua chapati na maharagwe," nikasema kwa sauti.

Mke wa Kimeu, mama mnene mwenye upendo mwingi, akanishika mkono. "Usijali, Mtumishi. Tunaelewa." Akageukia watu wake. "Ondoeni chakula! Mnamjaribu!"

"Msiondoe! Nina njaa!"

"Sikieni," akawaambia, sauti imejaa machozi. "Ana njaa na bado amesimama."

Meza ikabebwa na wanaume wanne, ikapita mbele yangu, ikaingia nyumba ya nyuma. Na kwa kuwa si adabu kula mbele ya mgeni aliyefunga, wote wakafunga. Wenye nyumba walinitilia maji ya moto kwenye kikombe cha wageni. Niliyanywa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na chapati tangu asubuhi alinitazama kwa chuki ya wazi kabisa, nami nikamwonea huruma, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyenielewa.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nilisimama, nikasema wazi: "Ndugu zangu, mimi ni Mbudha."

"Hiyo ni huduma ya wapi?" akauliza Kimeu.

"Ilianza India."

"Bwana asifiwe! Hata India!"

Wakapiga makofi. Halafu mke wa Kimeu akasema mgeni atufungie kwa maombi ili awahi dada yake, na wote wakainamisha vichwa. Mimi kusali mbele za watu kwa maneno nisiyoyaamini, siwezi. Kuwaambia sisali, nilishawaambia mara tano. Kwa hivyo nikafumba macho nikamuwaza Ndunge. Nilimuona akiwa na jino lake bovu, amekunja uso. Nikamuona amelala kwenye kitanda chembamba chenye magurudumu. Kimya kikawa kirefu.

Hapo ndipo kamba ya katani ililegea. Kodiani niliyokuwa nimeisimamisha kwenye kiti ikafunguka yenyewe pole pole, ikashuka hadi chini na sauti yake moja. Fooooooo.

"AMINA!" watu ishirini wakajibu.

Nikaiokota kodiani, nikaifunga kamba upya.

Kiboko hadi Mtito Andei

Saa kumi nilikuwa barabarani, na lori lililobeba vitunguu likasimama. Dereva aliitwa Njoroge, mtu wa Murang'a, mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Yeye hakuwa na jamaa Kalamba. Aliniangalia mara moja, akaniita mama kwa Sheng.

"Mathe, umekula?"

Nilitaka kulia. Alinipa mahindi mawili ya kuchoma, ndizi nne na chai ya chupa. Nilikula yote bila kuongea, tukapita Makindu nikiwa bado natafuna, na sijui kama kuna chakula nimewahi kukipenda hivyo. Kitabu changu kinafundisha kula kwa makini, na siku hiyo niliijua kila punje kwa jina.

Aliona kodiani. "Guka, babu yangu, pia alikuwa nayo," akasema, akaweka nyimbo za kwao za kodiani, kali, za kurusha mabega. Nilimweleza habari za Ndunge, na kuku, na ile sauti moja iliyobaki. Hakucheka. Aliniuliza ni do au ni nini. Kumbe aliimba kwaya, anajua solfa! Nikamwambia ni do, do ya wimbo wa baba.

"Do si iko sawa," akasema. "Ungekosa do ndio ningekuhurumia."

Kabla ya Kibwezi usingizi ukaanza kumnyemelea. Akaniambia nimsomee kitabu changu, ati sauti ya mwalimu inaamsha. Nikafungua palipo na alama. Sura ile inahusu mtu anayetafakari kifo chake kila siku, jinsi mwili unavyolegea kiungo baada ya kiungo. Nilisoma mistari kama kumi hivi.

"Mathe," akasema Njoroge, macho yamemtoka, "funga hiyo kitu."

"Ni ya kutuliza moyo."

"Si kwa hii barabara. Hapa hatusomi kifo. Hapa kifo kinaendesha ile trela nyuma yetu. Soma kitu ingine."

"Sina kingine."

"Soma nje!"

Basi nikamsomea nje. Pancha hapa. Asali safi. Mbuzi choma na ugali. Usikojoe. Yesu yuaja. Vyumba safi, maji moto. Punda wanavuka. Asali safi tena. Nilisoma kwa sauti ile ya darasa la nne, na Njoroge akawa anaitikia kila bango, "Ndio! Mm! Endelea!" Nimeishi na vitabu maisha yangu yote, lakini sijawahi kusoma kwa makini hivyo, kila neno moja, maana lilikuwa linatushikilia barabarani. Kifo sikukiwaza hata mara moja. Tuliingia Mtito Andei jua likiwa juu ya vilima vya Tsavo, na yeye yu macho kabisa.

Mtito Andei

Hapa lazima niwaeleze daftari. Ndunge nilipomwambia nimekuwa Mbudha hakusema na mimi miaka miwili. Halafu siku moja alipiga simu kuuliza bei ya mbaazi, tukaendelea. Lakini kila Jumatano yeye na akina mama wa kanisa lake husali hapo hotelini, na wana daftari la mistari lenye vichwa: wagonjwa, wafiwa, waliopotea, walio safarini. Mimi niko kwenye waliopotea. Nilianza nikiwa namba tatu. Namba mbili alikuwa mbuzi wa mke wa mchungaji. Mbuzi alipopatikana, nikapanda.

Na siku ile ilikuwa Jumatano.

Nilishuka kwenye lori na sanduku la kodiani, nikakuta akina mama kumi na wawili wamejipanga mlangoni wanaimba na kupiga makofi. Habari zilikuwa zimefika kutoka Kiboko. Mtumishi mkubwa wa Kalamba, aliyefunga siku tatu, anayenena na parapanda, anakuja kumwombea Ndunge. Mmoja akanipokea sanduku. Mwingine akaniwekea leso chini nikanyage.

"Karibu, Mtumishi! Tumekungoja!"

Ndunge akatoka nyuma yao. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, na gauni lake la kijani lilikuwa linaning'inia. Akasimama. Akaangalia leso niliyoikanyaga. Akaniangalia.

"Huyu?" akasema. "Nyinyi mnaimbia huyu? Huyu ni Mbithe. Huyu ni namba mbili!"

Wimbo ukakatika. Mama aliyebeba sanduku akaliweka chini, kodiani ikasema fooo. Nikaanza kueleza, kuku, muthokoi, viti vya kukodi, yule mzee na chapati zake, na nilipofika kwenye AMINA Ndunge alikuwa ameshika nguzo ya mlango, ameinama, anacheka bila sauti, machozi yanamshuka. "Wacha," akasema, "wacha, Mbithe, uvimbe unauma." Na hakuacha. Akina mama nao wakaanza, mmoja mmoja, mpaka mwenye kutandika leso akaketi juu yake.

Halafu wakaniletea sahani ya ugali na sukumawiki, na hakuna aliyeniondolea.

Walipotuacha wawili, Ndunge alikaa kitandani akasema, "Haya. Piga."

Niliivuta. Foo. Unyoya mmoja ukatoka kwenye mikunjo ukaanguka mapajani mwake. Nikajaribu vitufe vyote. Foo tu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo imebaki, Ndunge. Kuku alikaa juu yake."

Akaugeuzageuza ule unyoya. Uso ukaanza kumvunjika, na nikajua sasa atasema haendi.

"Basi," akasema. "Hata baba ameisha kabisa."

Mnanijua, huwa nina maneno. Nina kitabu kizima cha maneno ya saa kama hiyo, na kilikuwa hapo mkobani. Sikukigusa. Nikasema, "Ndunge, mimi naogopa."

"Wewe?" Akageuka. "Si ulisoma?"

"Nilisoma."

"Miaka kumi na moja!"

"Haijanisaidia hata kidogo. Naogopa kesho. Sitaki ufe."

Alinitazama, nusu amekasirika. "Kumbe tuko sawa," akasema. "Mimi nimeomba mpaka magoti yamechubuka, bado naogopa." Akasogea akanipa nafasi kitandani. "Keti basi, unavyoketi wewe. Ni nini huwa mnafanya?"

"Unasikiliza pumzi. Inaingia, inatoka."

"Hiyo tu? Na nikakununia miaka miwili?"

Tukaketi. Kodiani ilikuwa bado mapajani mwangu, na bila kupanga nikawa naivuta na kuifunga polepole, pamoja na pumzi, ile do moja ikienda na kurudi. Kisha Ndunge akaanza kuimba juu yake. Ule wimbo wa baba, wa njia ya mtoni. Sauti yake ilikuwa mbovu na alisahau maneno mawili, lakini kila mstari ulipokwisha ulirudi pale pale, kwenye ile do, na do ilikuwepo inaungoja. Alipomaliza alijilaza akageukia ukuta, kama tulivyokuwa tukifanya.

"Amefika," akasema. Akalala.

Alhamisi saa moja aliingia.

Kurudi

Haikuwa ile kitu mbaya. Daktari alituonyesha kwa mkono ukubwa wake, na Ndunge akamwambia hata embe la Makueni ni kubwa kuliko huo. Alipofumbua macho mara ya kwanza alisema, midomo imekauka, "Na kuku?" Jumamosi nikampigia mama mdogo. Vifaranga kumi. Yai la kumi na moja lilikuwa viza tangu mwanzo, kwa hivyo mnionee huruma lakini msinilaumu.

Nilikaa wiki tatu nikimpikia yeye na madereva wake. Njoroge alipita mara mbili, akala, akanisomea menyu kwa sauti ya darasa la nne. Sikumwongoa Ndunge wala yeye hakuniongoa, ingawa kila mmoja alijaribu kidogo.

Jumatano ya mwisho macho ya Ndunge yalikuwa bado na ukungu wa dawa, akaniambia niwasomee akina mama daftari. Nilisoma wagonjwa. Nilisoma wafiwa. Nikafika waliopotea, nikatafuta namba mbili, na jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Nikashtuka, jamani. Miaka kumi na moja mtu anakuita kila Jumatano, halafu siku moja haupo! Nilihisi nimefukuzwa kwenye nyumba ambayo sikuwahi kusema naipenda.

"Mbona umenikata?" nikauliza, mbele ya wote.

"Soma mbele," akasema Ndunge, amefumba macho. "Wewe mwalimu gani, unasoma nusu."

Nikageuza ukurasa. Walio safarini. Namba moja, kwa mwandiko wake mbovu wa kitandani: Mbithe.